Fungu la Salama

Jumatatu, 12 Januari

Nyasi zimefika. Lori lilisimama kando ya barabara kuu pale Taru tangu alfajiri, na mimi na wifi Twaiba tulikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu wifi Twaiba hakubali kuwa wa pili mahali popote. Tumechanga sawa kwa sawa. Mkokoteni wa jirani yetu Mwinga ulikwenda na kurudi mpaka punda akagoma, na sasa kibanda cha mabati nyuma ya zizi kimejaa marobota hadi karibu na paa. Ukifungua mlango harufu inakupiga usoni, harufu ya mahali ambako mvua hunyesha. Huku kwetu vuli yote ilipita kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ng'ombe wenyewe ni wawili tu. Kidoti ni wangu. Nilimnunua kwa jasho langu, nilipokuwa nikifua mashuka hotelini Diani, kabla Swabir hajanioa na kunileta huku bara, yeye akabaki na kazi yake huko hotelini. Ana mimba, atazaa mwezi wa tatu inshallah. Salama ni wa wifi: mwekundu, mzee, wa mwisho katika ng'ombe walioachwa na marehemu baba mkwe. Wanalala zizi moja. Wifi amesema robota moja kwa siku, nusu kwa nusu, na maji ya lambo jioni. Amesema mara tatu, kama anayemtuma mtoto dukani.

14 Januari

Joto. Wamekula.

17 Januari

Wifi amenisahihisha namna ya kukata kamba ya robota. Kumbe hata kukata kamba kuna namna yake katika nyumba hii. Nimenyamaza. Miaka minne nanyamaza, nimekuwa fundi.

21 Januari

Wifi ameondoka. Binti yake Ummi, aliyeolewa Msambweni, ana mimba ya miezi saba, na miguu imevimba hata viatu haviingii. Hospitali imesema presha imepanda, alale, asiinue hata ndoo. Mumewe hushinda baharini akipeleka watalii Funzi, kwa hiyo mama mtu lazima aende. Atakaa mpaka azae, na labda mpaka arubaini iishe.

Kabla ya kupanda pikipiki alikwenda zizini. Aliweka kiganja juu ya mgongo wa Salama, akakaa hivyo. Kisha akanigeukia.

"Mke wa Swabir," akaniambia, maana jina langu hulitaja kwa nadra, "mimi sina mtu mwingine wa kumwachia."

Nikamwambia aende kwa amani.

24 Januari

Redioni wamesema masika yatachelewa, na yakija huenda yakawa haba. Mwinga alikuwa hapa akisikiliza pamoja nami. Yeye ng'ombe wake wengi amekwisha kuwauza mnadani, wamebaki wachache ambao hakuna aliyewataka. Amesema lile lori halitarudi. Nyasi za huko zilikotoka nazo zimekwisha, na kama zipo zimeshachukuliwa na wenye mifugo mingi.

Nimekwenda kusimama mlangoni mwa kibanda. Wiki iliyopita niliona nyasi zimejaa. Leo nimeona pengo juu, karibu na paa, na sikuona kitu kingine ila lile pengo.

27 Januari

Leo nimemwongezea Kidoti. Si mengi, makonzi mawili tu. Anakula kwa ajili ya wawili.

28 Januari

Wifi hupiga simu kila magharibi, baada ya swala. Anaulizia ng'ombe kabla ya kuniulizia mimi. "Wanakula?" Nikamjibu wanakula. Ummi hajambo kidogo.

2 Februari

Nilichokuwa nikimwongezea Kidoti nilikuwa nakitoa katika robota la kesho yake, na leo nimeona kwamba kwa mwendo huo nyasi zitakwisha kabla ya wakati. Kwa hiyo sasa natoa kwa Salama. Nimeandika hivi ili niione sentensi yenyewe. Natoa kwa Salama.

Nilijieleza vizuri sana asubuhi. Salama ni mzee. Hana mimba, hana maziwa, hana kazi ila kusimama. Ng'ombe aliyesimama tu hahitaji kama anayejenga ndama tumboni. Yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Hata wifi mwenyewe angekuwa hapa angefanya hivyo.

Basi kwa nini jioni alipopiga simu sikumwambia?

3 Februari

"Wanakula?" Wanakula.

5 Februari

Lambo limebaki tope katikati. Maji nanunua kwa mwenye punda.

9 Februari

Wifi ameleta mzigo. Gunia la mashudu ya nazi, limekuja na gari la Kinango, nikalipokea barabarani. Anasema kuna kiwanda kidogo cha mafuta jirani na hospitali, akakaa nao vizuri wakampa makapi. Nikimfikiria mwanamke yule, na kiburi chake chote, akisimama mlangoni mwa watu akiomba makapi ya nazi, naona kama nasikia habari za mtu mwingine.

Alipiga simu kujua kama limefika. Akasema: "Uwagawie. Lakini huyo wako umzidishie kidogo, kwa sababu ya mimba. Salama atavumilia."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Ningesema tu, wifi, nimekwisha kuanza kumzidishia, na angenijibu vyema, umefanya vizuri. Neno lenyewe alinipa yeye kwa mkono wake. Lakini kuzidishiwa kidogo si kile ninachofanya. Ninachofanya kimekwisha kupita hapo. Nimemwambia ahsante, Mungu akulipe.

Mashudu yote nimempa Kidoti.

13 Februari

Nimemkuta Salama anatafuna katoni. Ilikuwa katoni ya sabuni, sijui upepo uliitoa wapi. Nilipojaribu kumpokonya aliivuta, akanitazama, akaendelea kutafuna polepole.

Siku hizi kwake naweka zile nyasi za nje ya robota, zilizopigwa jua, na zile ninazozifagia chini. Za ndani, zenye kijani na harufu, ni za Kidoti. Nimewatenganisha kwa mti katikati ya zizi, ili asinyooshe shingo upande wa pili. Salama hukaa ameegemea ule mti, pua upande wa mwenzake. Halii. Afadhali angelia.

16 Februari

Mwinga amepita, akamtazama Salama kwa muda. Akauliza kama anaumwa. Nikasema ni uzee. Akasema ndiyo, uzee na ukame havipatani, akaenda zake. Uongo wa simu niliuzoea. Huu nilimwambia mtu uso kwa uso.

18 Februari

Kesho tunafunga, mwezi ukionekana. Watu wamepigiana simu leo kuombana radhi kabla ya mwezi mtukufu, na wifi nami tumeombana, kwa haraka, kama ada.

Baada ya hapo nimekaa nikajiuliza jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa. Je, ni hofu ya nyasi kwisha, au ni jambo jingine?

Mwaka jana, siku Kidoti alipothibitika kuwa na mimba, tulikuwa na wageni, wanawake wa ukoo. Wifi alisema mbele yao, akicheka, kwamba alhamdulillahi, angalau mmoja katika nyumba ya kaka yake ameshika mimba. Wote walicheka. Nami nilicheka, nikaenda jikoni nikakuna nazi ambayo haikuwa na wa kuila. Swabir nilimwambia, akasema dada yake ana mdomo tu, moyoni hana kitu.

Sidhani kama nilimnyima Salama kwa sababu ya neno lile. Lakini kila ninapokata kamba ya robota nikaweka zile nzuri upande wa Kidoti, kuna kitu ndani yangu kinachotulia. Nimekiona leo. Sikukipenda.

19 Februari

Funga ya kwanza. Njaa ya adhuhuri ilinikuta zizini. Mimi najua nitakula magharibi.

20 Februari

Nilimpa Salama nusu yake yote leo. Alikula bila kuinua kichwa.

21 Februari

Nimetazama kibanda, nikaogopa. Nimerudi kwenye makapi.

24 Februari

"Wanakula?" Wanakula. Ummi ameongezewa dawa. Wifi sauti yake imechoka.

27 Februari

Upepo wa vumbi mchana kutwa. Salama ametembea hatua chache kwenda kwenye maji, akasimama njiani kama aliyesahau alichokuwa akikifuata.

Jumapili, 1 Machi

Salama ameanguka.

Nilimkuta asubuhi amelala upande mmoja, miguu imenyooka. Nilimvuta mkia, nikamsukuma bega, hakuinuka. Nikamwita Mwinga. Amekuja na majirani, wakapitisha magunia chini ya tumbo na mti mrefu kila upande, wakamwinua huku wote wamefunga na jua limeshawaka. Alisimama akitetemeka, wakamwegemeza kwenye ua. Niliona mifupa ya nyonga imetokeza, na pale ngozi ilipochubuka kwa kulala. Mwinga alimpapasa mbavu, moja moja, kisha akapapasa tumbo la Kidoti aliye pembeni, mviringo, manyoya yanang'aa. Alinawa mikono akaaga.

Kwa wifi nimesema Salama hajisikii vizuri kidogo.

2 Machi

Ameanguka tena. Wamemwinua tena. Wanaume wale hawajaniuliza swali hata moja, na mimi nimekuwa nikiwapa majibu.

3 Machi

Ameanguka, na safari hii walipomwinua miguu haikushika. Mwinga akanivuta kando. Alisema tumchinje sasa, angali hai, nyama iwe halali na watu wafuturu nayo. Tukingoja atakufa kibudu na tutapoteza vyote. Lakini mwenyewe lazima atoe ruhusa.

Nikapiga simu. Nilimwambia wifi hali ilivyo, na kwamba Mwinga ana kisu. Kisha akauliza:

"Anakula?"

Nikamtazama Salama. Nilikuwa nimemwekea mbele ya pua, tangu asubuhi, nyasi za ndani ya robota, zile nzuri. Alikuwa anakula. Alikuwa anazivuta kwa ulimi, amelala, shingo chini, anatafuna na kurudi kuvuta nyingine.

"Anakula," nikasema. Lilikuwa jibu lilelile la siku zote, na lilikuwa la kweli.

"Basi anayekula hajafika kufa. Msimchinje. Mpe ale, Hasina. Mpe kila atakacho."

Hakuwa ameniita kwa jina langu kwa muda mrefu.

Mwinga aliposikia alifunika kisu chake akaondoka. Mimi nilibaki. Nilifungua robota zima, nikakaa chini karibu na kichwa chake, nikamlisha kwa mkono mpaka adhana ya magharibi. Kila nilichompa alikipokea. Ng'ombe mgonjwa hukataa chakula, huyu hakukataa hata jani moja. Hakuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa nimekaa na njaa niliyoitengeneza mwenyewe, naishika kichwa.

Nilifuturu tende moja.

4 Machi

Salama amekufa kabla ya jua kuchomoza. Mdomoni mlikuwa na nyasi ambazo hakuzimeza.

Majirani wamemburuta hadi kule bondeni. Nyama haikuliwa na mtu. Nilimpigia wifi. Alisema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Halafu akasema ndiye aliyekuwa amebaki katika ng'ombe wa baba, kana kwamba mimi sijui. Halafu akasema: "Na wewe pole. Umehangaika peke yako, na funga juu."

Nimeutoa ule mti wa katikati ya zizi.

8 Machi

Kidoti anakula.

12 Machi

Ummi amejifungua mtoto wa kike, kwa kupasuliwa. Mama na mtoto wako salama. Nimeliandika neno hilo kisha nikalitazama.

15 Machi

Kidoti amezaa. Ndama dume, mweusi, paji la uso jeupe kama mama yake. Alisimama upesi. Nilikuwa nimengoja siku hii tangu mwaka jana, nikidhani nitalia kwa furaha. Nilimfuta kwa gunia, nikamwelekeza kwenye chuchu, nikaenda kukaa nje ya zizi. Mwinga alikuja kunipongeza. Alisema ndama ana nguvu, mama yake alikula vizuri. Sijui kama alikusudia kitu. Labda sasa kila mtu akifungua mdomo nitasikia kesi yangu.

Ijumaa, 20 Machi

Idd. Swabir hakupata ruhusa, hoteli imejaa wageni. Nimeswali, nimepika pilau ndogo, nimepeleka sahani kwa Mwinga.

Wifi alipiga simu mchana. Nilidhani ni salamu za Idd tu. Lakini baada ya salamu akasema anataka kuniambia jambo. Kule hospitali, siku Ummi alipoingizwa chumba cha upasuaji, alikaa kwenye benchi akiwaza watu aliowakosea, kwa sababu aliogopa Mungu asije akamlipa kupitia mwanawe. Na katika wote, akaniona mimi. Alisema: "Lile neno nililosema mbele ya wanawake, la mimba. Nililisema nikicheka. Wewe uliondoka ukaenda jikoni, mimi nilikuona. Nisamehe, wifi yangu."

Nimesema nimekusamehe. Ningesema nini? Akashukuru, akalia kidogo, akasema moyo wake umepoa. Akaniuliza kama mimi nina lolote. Nikasema sina.

Idd gani hii.

26 Machi

Jua. Mawingu yanakuja jioni, yanatazama, yanarudi.

2 Aprili

Mvua imenyesha.

Imenyesha tangu adhuhuri hadi sasa, mvua nzito, ya kugonga mabati. Lambo linapokea. Watoto wa majirani wako nje uchi. Mimi nimekimbilia kibandani kuangalia kama panavuja, na nilipofungua mlango nikayaona yale marobota. Yako mengi. Yamefika kifuani kwangu, yamepangwa safu kwa safu hadi ukuta wa nyuma. Yangetosha kumlisha Salama nusu yake yote, kila siku, mpaka leo, na bado yangebaki.

Nilikuwa nayaona kila siku. Lakini nilikuwa nayaona kwa macho ya mtu anayengoja njaa.

Nimekaa juu ya robota nikisikiliza mvua. Panavuja kidogo tu, kwenye kona.

7 Aprili

Majani yamechipua kila mahali. Kidoti hataki tena nyasi kavu.

11 Aprili

Mvua.

17 Aprili

Swabir amekuja. Wageni wamepungua hotelini, wafanyakazi wamepewa likizo. Amefurahi na ndama, amefurahi na lambo. Kisha akaenda kibandani kutafuta jembe, na akakaa huko muda.

Aliporudi hakupaza sauti. Yeye si mtu wa kupaza sauti. Aliuliza mbona nyasi ni nyingi hivi. Nikamweleza. Nimemweleza yote: makonzi mawili, kisha nusu, kisha makapi, mashudu, ule mti, simu za magharibi. Alikuwa ameshika jembe muda wote huo. Nilitamani anitukane.

Alisema dada yake yuko njiani, wiki ijayo au ile ya pili, pamoja na Ummi na mtoto. Alisema ng'ombe amekwisha kufa na maneno hayamfufui. Kama Twaiba ataziona nyasi hizi, nyumba itapasuka, na itakuwa imepasuka kwa kitu kilichokwisha oza bondeni. Bora Mwinga azichukue zote, kabla dada hajafika.

"Atadhani zilikwisha," akasema. "Amani ya nyumba, Hasina. Nakuomba."

Nilitaka kusema hapana. Niliona pia njia imefunguka mbele yangu, pana, imefagiwa, na mume wangu ndiye amesimama mlangoni ananikaribisha. Nikasema ndiyo.

19 Aprili

Mwinga amekuja na mkokoteni. Hakuuliza bei, na Swabir hakutaja. Alipopakia la mwisho aliniambia kwa upole kwamba zitamfaa kiangazi kijacho, akaondoka. Swabir alifagia kibanda yeye mwenyewe, hadi kwenye pembe.

23 Aprili

Swabir amerudi Diani.

Jumanne, 28 Aprili

Wamefika. Ummi amekonda, anatembea akishika tumbo. Mtoto wanamwita Rukia, ana nywele nyingi na anapiga kelele kuliko umri wake. Wifi Twaiba amezeeka. Alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alinishika muda mrefu. Nywele zake zinanuka dawa ya hospitali.

Hakwenda zizini. Nilimwona ametazama upande ule, akageuza uso.

Jumatano, 29 Aprili

Naandika haya kabla hayajageuka kichwani mwangu.

Asubuhi nilimkamua Kidoti, nikapeleka maziwa nyumbani kwa wifi, kwa ajili ya Ummi. Ummi alikuwa ndani amelala na mtoto. Wifi alikuwa barazani juu ya mkeka. Alijimiminia kikombe kimoja, akasema ni mazito, mazuri. Nikaketi kidogo, kwa adabu, nikingoja niage.

Akaanza kuzungumza habari za Salama. Alisema baba yake ndiye aliyempa jina, kwa sababu alizaliwa mwaka ambao wezi wa mifugo walipita na hawakuchukua kitu. Alisema alipoachwa na mumewe akarudi hapa bila hata sufuria, Salama ndiye alikuwa kitu pekee ambacho hakuna aliyeweza kumuuliza amekipata wapi. Alisema haya bila kulia, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Kisha akaniona uso wangu, akadhani ameuelewa.

"Usijitese," akaniambia. "Najua unavyojilaumu, nimekuona tangu jana hunitazami. Wewe ulifanya ulichoweza. Nyasi zikiisha zimeisha. Ungemlisha nini, mchanga?"

Alinyoosha mkono akanishika goti.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kibanda kilikuwa kitupu. Mume wangu alikwisha nisamehe na kunifagilia. Sikuhitajika kusema uongo mwingine hata mmoja, nilihitajika kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Lakini ule mkono ulikuwa juu ya goti langu, na ulikuwa wa moto.

"Hazikuisha, wifi," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Nikasema tena. Nikasema zilibaki mpaka mvua ikaja, na baada ya mvua, na Mwinga alizichukua siku kumi zilizopita ili wewe usizione. Nikasema nilimpa Kidoti fungu la Salama. Nikasema na mashudu pia.

Aliondoa mkono. Aliweka kikombe chini, maziwa yamebaki nusu.

"Siku ile nilipokuuliza kama anakula."

"Alikuwa anakula. Alikula mkononi mwangu mpaka magharibi."

"Na siku za nyuma."

"Alikula makapi."

Ndani, Rukia alianza kulia na Ummi akambembeleza kwa sauti ya usingizi. Wifi alitazama nje, kwenye majani mabichi yaliyojaa mpaka mlangoni.

"Nami nilikuomba radhi," akasema. "Siku ya Idd. Nikakuuliza kama una lolote."

Nikasema ndiyo, uliniuliza.

Akaniambia niondoke. Alisema kwa sauti ya chini, kwa ajili ya mtoto.

30 Aprili

Nimempigia Swabir nikamwambia nimesema. Akasema nimeibomoa nyumba yake. Huenda ni kweli. Sijutii, na kutojutia nako hakunipi nafuu niliyodhani nitaipata.

1 Mei

Maziwa nimemwagia mbwa. Sikuthubutu kuyapeleka.

3 Mei

Leo nimekwenda. Nimemwongoza ndama kwa kamba hadi mbele ya nyumba ya wifi, nikabisha hodi. Nilisema huyu ni wako. Nilisema si malipo, najua hayalipiki, lakini ni wako.

Alisimama mlangoni na mtoto begani. Alimtazama ndama vizuri sana, miguu, mgongo, macho, maana ni binti wa mfugaji. Kisha akatikisa kichwa.

"Nikimchukua huyu, utalala usingizi," akasema. "Sitaki ulale bado."

Nikageuka niondoke. Akaniita. Alisema Ummi anahitaji maziwa kila asubuhi, daktari amesema. Alisema niyalete mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nisimtume mtu, na nimkabidhi yeye.

Nikasema nitaleta.

4 Mei

Nimepeleka maziwa. Alipokea chupa, akafunga mlango.

5 Mei

Nimepeleka. Mvua njia nzima.

6 Mei

Nimepeleka. Chupa ya jana amenirudishia imeoshwa. Hakunitazama.

8 Mei

Nimepeleka. Kila asubuhi nikivuka uwanja ulio kati ya nyumba zetu, mlango unafunguka kabla sijabisha. Ananingoja. Zamani ningesema ni ukali. Sasa nafikiri naye hapati usingizi, na kwamba kuamka akaniona ni kazi kwake pia, na anaifanya.

11 Mei

Nimepeleka. Ummi ameniamkia shikamoo kutoka ndani. Sijui kama ameambiwa.

14 Mei

Nimepeleka maziwa. Wifi alikuwa barazani, birika liko kando yake juu ya jiko la makaa. Aliipokea chupa, akaiweka kando. Kisha akamimina chai katika vikombe viwili, kimoja akakisukuma ukingoni mwa mkeka, upande wangu. Hakusema karibu. Nilivua viatu nikaketi. Tulikunywa mpaka vikombe vikaisha, nikainuka.